Mzizi mmoja, mifereji miwili

SWALI: Jino langu la mbele la chini lilisafishwa mzizi na kuzibwa mwaka jana. Eksirei inaonyesha dawa imefika mwisho, ila kijipu cha usaha kwenye ufizi kinarudi kila mara. Daktari mwingine anahisi kuna mfereji wa pili, yaani njia nyingine nyembamba ndani ya mzizi. Jino dogo hivyo? Si bora ling'olewe? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiling'oe kwanza. Udogo wa jino hilo ni wa kulitazama usoni tu. Mzizi wake ni bapa, mwembamba ubavuni lakini mpana kutoka upande wa midomo kuelekea upande wa ulimi. Katika upana huo mfereji huweza kugawanyika. Mwaka 1974 watafiti Benjamin na Dowson walichunguza meno 364 ya aina hiyo: asilimia 41.4 yalikuwa na mifereji miwili, na asilimia 1.3 tu yalikuwa na matundu mawili kwenye ncha. Yaani mingi huungana tena kabla ya kutoka. Kuungana huko hakukuokoi, kwani uozo ulioachwa katika mfereji wa pili hushukia tundu lile lile.

Eksirei ya kawaida hupigwa kutoka mbele, na mifereji hiyo imejipanga foleni. Unauona wa kwanza tu. Mwombe daktari aipige upya akisogeza mashine pembeni kama nyuzi 20. Dawa ikionekana imeegemea upande mmoja wa mzizi badala ya kukaa katikati, shaka inaongezeka.

Unaosahaulika kwa kawaida ni ule wa upande wa ulimi. Jino hutobolewa kwa nyuma, kwa hiyo faili, kisindano cha kusafishia mfereji, huteleza kuelekea upande wa midomo, na mfereji wa ulimini hubaki umefunikwa na kingo ya dentini, tabaka gumu la ndani ya jino. Suluhisho ni daktari kurefusha tundu alilotoboa nyuma ya jino, juu karibu na makali ya jino na chini hadi kwenye kinundu cha nyuma, kisha kupapasa ukuta wa ulimini kwa faili namba 8 au 10 iliyokunjwa ncha kidogo. Asipanue kwa pupa: ubavuni mzizi ni mwembamba, hutoboka upesi.

Kabla ya yote apime ufizi kuzunguka jino. Kipimo kikizama ghafla mahali pamoja pembamba, huenda mzizi umepasuka wima, na hapo kung'oa ndiko kunakobaki.