Mtoto azaliwe ng'ambo ama nyumbani? Majibu kwa wazazi wa Kisumu, Nakuru na kwingine walio mbali

Tangu niseme wiki jana nitajibu maswali ya wajawazito walio nje, simu haijapumzika. Nimechagua machache. Msimamo wangu mnaujua, nauliza kwanza nani atakuwa na huyo mama usiku ule uchungu ukianza, pili karatasi ziko aje, pasipoti ya mtoto inakuja mwisho kabisa.

Dada, mimi na mume wangu tuko Doha, yeye dereva mimi niko saluni. Niko wiki ya 20. Tulioana kimila Ugenya, mahari ililipwa lakini cheti hatuna. Nizalie hapa ama nirudi?

Rudi, dadangu, na usingoje. Qatar mimba bila ndoa inayotambulika ni kesi, na hata kabla hujafika leba kliniki nyingi zitakuomba cheti cha ndoa, alafu bila hicho cheti mtoto hapati cheti cha kuzaliwa, na bila cheti cha kuzaliwa hana pasipoti, hana kibali, yaani amezaliwa lakini kwa serikali hayuko. Saudia ni vile vile. Hapo mahari na ng'ombe zote za Ugenya haziwasaidii, wanataka karatasi.

Sheria yetu ya ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila na inaruhusu isajiliwe, kwa hivyo mkifika nyumbani nyote wawili nendeni kwa msajili wa ndoa mchukue cheti, wazee walioshuhudia wawe karibu. Kama bwana hawezi kupata likizo sasa hivi, wewe tangulia. Wale mnaosoma hii na bado mnapanga kwenda Ghuba kama mke na mume, cheti kichukueni kabla ya tiketi, kipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje pale Nairobi na ubalozi wa nchi mnayoenda. Nimeongea na wasichana wamelia kwa hii kitu na inaniuma kila mara, manake ni kitu ingemalizika hapa nyumbani.

Mwisho wa kupanda ndege ni lini?

Mashirika mengi ukipita wiki ya 28 yanataka barua ya daktari, na mtoto mmoja yanakukubali hadi karibu wiki ya 36, mapacha kama 32. Angalia masharti ya shirika lako kabla hujalipa. Mimi ningekuwa nimeshafika kabla ya 32, kwa sababu kuna ndege ya pili ya Nairobi hadi Kisumu ama basi la masaa, na miguu imefura. Faili ya kliniki weka kwa mkoba wa mkononi, sio kwa sanduku: grupu ya damu, presha, skani zote. Sanduku likipotea nesi wa hapa aanzie wapi?

Mimi ni mlezi wa wazee Leeds, mume wangu yuko na mimi. Watu wa nyumbani Nakuru wananiambia nizalie huku mtoto awe Muingereza. Ni kweli?

Si kweli, na hii uongo imezunguka sana. Tangu 1983 kuzaliwa Uingereza peke yake hakumpi mtoto uraia, lazima mzazi mmoja awe raia ama awe na ukaazi wa kudumu. Mkija kuupata ukaazi baadaye na mtoto bado hajafika miaka 18, mnaweza kuomba asajiliwe. Kwa sasa atakuwa Mkenya, na hapo msiwe na wasiwasi, Katiba ya 2010 kifungu cha 14 inasema mtoto wa Mkenya, awe mama ama baba, ni raia wa kuzaliwa hata akizaliwa mwezini.

Lakini bado nakwambia zalia huko. Ile ada ya afya ya viza, siku hizi ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, wenye viza ya walezi na wafanyakazi wa afya wamesamehewa, na bado kliniki, leba, hata upasuaji hospitali za serikali ni bure kwenu; kama viza yenu ni nyingine na mliilipa, tayari imelipia hayo. Mko wawili, kazi iko, hospitali iko. Jiulizeni tu nani atakuja kukaa na wewe zile wiki za kwanza, na kama ni mamako aanze mambo ya viza mapema sana.

Tuko Ujerumani. Mamangu Bondo anasema mjukuu wa kwanza lazima azaliwe nyumbani kondo lizikwe bomani. Mke wangu anatoka Njoro na hataki kusafiri, presha yake imeanza kupanda. Nifanye nini?

Ndugu yangu, presha imepanda na bado unauliza? Mke asipande ndege. Namheshimu mamako na najua kwa Mjaluo mahali kondo limezikwa ndipo kwako, si jambo la kuchekwa, lakini mama mzazi akielezwa vizuri kwamba ni uhai wa mkeo, ataelewa. Na umweleze wewe, usimwachie mke aonekane mbaya. Mpe mamako kazi ya kweli, jina litoke kwake, siku ya kumleta mtoto bomani apange yeye.

Mimi nimeona nyanya mmoja hapa Nyalenda akifundisha binti yake aliye mbali kuogesha mtoto kwa simu, simu ameiegemeza kwa mkebe wa sukari, anapiga kelele "shika shingo, shika shingo kwanza!" na yule mtoto akaoshwa akalala. Huko Ujerumani pia bima ya kawaida inalipa mkunga awatembelee nyumbani baada ya kuzaa, mtafuteni leo, wanajaa haraka. Kazini sheria inampumzisha mkeo wiki 6 kabla na 8 baada.

Nimekaa Dubai miaka mingi, narudi Siaya kuzaa. Kuna kitu nisisahau?

Malaria! Hii ndio watu wanasahau. Ukikaa mbali miaka, ile nguvu mwili ulikuwa nayo ya kupigana na malaria inapungua, na mimba yenyewe inaipunguza zaidi, kwa hivyo wewe si yule msichana aliyetoka Siaya akiwa hata homa haimwangushi. Malaria ikiingia kwa kondo, damu inapungua na mtoto anazaliwa mdogo. Lala kwa neti kuanzia usiku wa kwanza, hata kama nyumba ya mamako ina waya kwa madirisha. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo, upande huu wa ziwa wajawazito wanapewa SP, dawa ya kuzuia malaria, kuanzia miezi mitatu ya mimba ikiisha, na kila dozi inaachana na nyingine angalau mwezi mmoja. Kama unatumia Septrin waambie, hizo mbili haziendi pamoja. Homa yoyote, pimwa siku hiyo.

Hospitali chagua yenye thieta na damu usiku na mchana. Kisumu tuko na Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga (JOOTRH), na kuna za kibinafsi. SHA, bima ya afya ya serikali, jiandikishe na ulipe kabla hujafika, kama huna mwajiri hapa wanataka ya mwaka mzima mara moja. Inalipa 10,000 kuzaa kawaida na 30,000 upasuaji, na hospitali ya kibinafsi ikidai zaidi hiyo ni ya mfuko wako, uliza bei mapema.

Mtoto wetu amezaliwa Ujerumani, ana miezi 4, tunahamia Kisumu. Chanjo je?

Beba kile kitabu chake cha chanjo. Uliza kuhusu BCG, ile ya kifua kikuu, hapa anapewa akizaliwa lakini huko kwa kawaida hawapewi. Na akifika miezi 6 apelekwe chanjo ya malaria, kwa kaunti za huku ziwani ipo tangu 2019 na ni bure.