Maswali yenu: Mimi sio daktari, huko shule ya tiba nitaenda kufanya nini?

SWALI: Shikamoo. Nina digrii ya baiolojia, alama zangu za kawaida tu, ila mambo ya bakteria na kinga ya mwili nayapenda sana na ningetaka kusoma mpaka PhD. Shida kila programu ya maikrobiolojia na imunolojia ninayoikuta iko ndani ya shule ya tiba na jamaa zangu wanasema huko ni kwa madaktari. Ni kweli? Na lazima nianze na mastaz? Hela je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao jamaa zako wamechanganya mafaili. Shule ya tiba ina idara zinazotibu watu na ina idara za sayansi ya msingi, na hii yako iko upande wa pili, haitaki uwe daktari wala hutamgusa mgonjwa, sana sana utaletewa damu yake kwenye kichupa. Waliopata Nobel ya tiba 2023 ni Katalin Karikó na Drew Weissman, kazi yao ya mRNA (ile molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) waliifanya shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Weissman ni daktari na mwanaimunolojia lakini Karikó ni mtu wa baiokemia, udaktari hakusoma.

Mastaz inategemea unaenda wapi. Marekani wengi wanaingia PhD na digrii ya kwanza tu, inachukua kama miaka 5 au 6, mwaka wa kwanza ni madarasa na kuzungukia maabara kadhaa ndio uchague ya kukaa, na kwa kawaida ada inalipwa na chuo na posho ya kuishi unapewa. Uingereza ni kama miaka 3 mpaka 4 na mara nyingi unaingia mradi ukiwa umeshapangwa. Mastaz ndio mara nyingi unatoboka mfuko mwenyewe, kwa hiyo usikimbilie kuilipia eti kwa sababu alama ni za kawaida, bora utafute kazi maabara hata ya usaidizi mwaka mmoja hivi, kamati za udahili zinamwangalia sana mtu aliyeshafanya utafiti.

Sasa hapa ndio nisikilize. Watu wanachagua jina la chuo wanasahau kuuliza kiumbe watakachokifuga. Bakteria wa E. coli kwenye hali nzuri anajigawa kila dakika 20 hivi, ukipanda jioni asubuhi unasoma sahani yako ya kuoteshea. Bakteria wa TB anajigawa mara moja kwa karibu siku nzima, makoloni (vile vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) unayasubiri wiki kadhaa, na anafugwa kwenye maabara ya usalama ngazi ya 3 ambako hata kuingia ni mafunzo na mavazi maalum, yaani jaribio moja likiharibika umepoteza mwezi na zaidi. Upande wa imunolojia kuna panya, mimba yao ni wiki 3, halafu wakue, halafu uzalishe wenye jeni unayoitaka, hesabu mwenyewe. Sikwambii uikimbie TB, inahitaji watu kweli, nasema ujue kabla.

Na msimamizi usimuulize yeye peke yake. Watafute wanafunzi waliotoka kwake, uliza walimaliza kwa miaka mingapi, makala zao zilitoka lini, na fedha za utafiti zinaisha lini maana zikiisha katikati na wewe unaning'inia. Wakianza kuzungukazunguka na majibu, umeshajibiwa.

Ukimwandikia profesa usianze na "napenda sana sayansi tangu utotoni", wanazifuta hizo. Soma makala yake moja ya karibuni, uliza swali moja la maana kuhusu matokeo yake, taja mbinu unazoziweza kwa mikono yako kama PCR (kunakili DNA) au ELISA (kupima protini kama kingamwili), na ambatisha CV ya kurasa 2. Akikaa kimya wiki 2 mkumbushe mara moja tu, halafu nenda kwa mwingine.