Majeruhi wa Aprili: kwa wanaocheza FPL msimu wao wa kwanza

Kama Machi imekukuta bado unafungua kila wiki timu yako ya FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), hongera. Wengi mlioanza nao Agosti wameshasusa, na vikosi vyao vimejaa bendera nyekundu, alama ya mchezaji ambaye hatacheza. Kuanzia hapa hadi Mei, ligi ya washikaji huamuliwa zaidi na majeruhi.

Mchezaji akiumia, anza kwa kuhesabu raundi: zimebaki ngapi, na yeye atakosa ngapi? Jeraha la wiki sita mwezi Oktoba linavumilika. Aprili, hizo wiki sita ndizo karibu msimu wote uliobaki. Machi 30, 2025 Haaland, mshambuliaji wa Manchester City, aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Bournemouth kwenye robo fainali ya Kombe la FA, zikiwa zimebaki raundi 9. Alirudi kucheza ligi Mei 10, kwenye suluhu ya City na Southampton. Aliyemng'ang'ania kwa sababu ya jina alilaza zaidi ya milioni 14 za bajeti yake ya mchezo benchi kwa raundi sita.

Fedha za nyota aliyeumia usizikimbize kwa nyota mwingine. Mimi huzigawa: naleta mshambuliaji wa bei ya kati, na kwa chenji nabadilisha kiungo mmoja kwa wa bei ya juu zaidi. Na usiumize kichwa kwamba ukiuza unapata nusu tu ya faida ya kupanda kwa bei. Thamani ya timu haihamii msimu ujao, wala haina pointi.

Usajili unaozidi ule wa bure unakatwa pointi 4. Kwa mchezaji mwenye mechi moja sikushauri, labda kama bila yeye hutimizi kumi na mmoja. Ila mwisho wa msimu kuna viporo, na timu nyingine hucheza mara mbili ndani ya raundi moja. Aprili 2025 Newcastle waliifunga Manchester United 4-1, siku tatu baadaye wakaipiga Crystal Palace 5-0, yote katika raundi moja. Hapo pointi 4 zingerudi mapema. Ndiyo maana usajili wa bure unaulimbikiza, unaruhusiwa hadi mitano, badala ya kuumaliza kila wiki kwa kubadilisha mabeki wasio na tofauti.

Usisajili Jumatatu. Katikati ya wiki kuna mechi za Ulaya, na kocha huzungumza na waandishi siku moja au mbili kabla ya mechi. Bendera ya njano huonyesha uwezekano wa mchezaji kucheza; ya asilimia 75 mara nyingi inamaanisha atacheza. Ya 50 mimi humsubiri kocha. Mambo hugeuka haraka: Aprili 1, 2025 Saka, winga wa Arsenal, alirudi baada ya zaidi ya miezi mitatu nje, akatokea benchi na kuifunga Fulham. Mechi hiyohiyo Gabriel, beki wa Arsenal, alitoka na jeraha la nyuma ya paja, msimu wake ukaishia hapo. Kiwior, aliyeingia badala yake, wakati huo alikuwa aina ya mchezaji wa kumtazama: bei ndogo na namba ya uhakika kwa sababu mwenye namba kaumia.

Sasa mtego unaowanasa wageni wengi. Mchezaji wako wa akiba huingia pale tu yule wa kikosi cha kwanza asipocheza hata dakika moja. Anayetoka kwenye majeruhi akiingizwa dakika ya 85, anakuletea pointi 1 na kumzibia njia aliye benchi kwako mwenye pointi 8. Kwa nahodha ni hivyohivyo: akigusa uwanja tu, makamu wake hapati kitu. Kwa hiyo aliyepona juzi namweka benchi wiki ya kwanza, na unahodha simpi kabisa, awe nani.

Halafu angalia saa. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele. Muda wa mwisho wa kufanya mabadiliko ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza; kwa mechi ya Jumamosi mchana, ule uliozoea kuwa saa nane mchana kwetu Afrika Mashariki sasa ni saa saba. Mechi ya kwanza ikiwa Ijumaa usiku, ni saa mbili na nusu usiku, na baadhi ya makocha huzungumza Ijumaa hiyohiyo mchana. Fanya mabadiliko ukitoka kazini, kabla hujawasha TV.