Viongezo 14, ufunguo mmoja

Shangazi, shikamoo. Naandika kutoka Sikonge. Mimi na wenzangu wawili tuna programu huria ya kuandikia mapokezi ya asali kwenye vikundi vya wafugaji nyuki: nani kaleta, ndoo ngapi, kilo ngapi, unyevu kiasi gani, anadai shilingi ngapi. Yenyewe ni ndogo na inafanya kazi. Shida ni viongezo. Kila kikundi kilichoipokea kimemwomba kijana wake aongeze kitu: kuchapa risiti, kusoma mizani kwa Bluetooth, kutuma ujumbe mfupi, kulinganisha malipo ya simu. Vimefika 14, tumevirundika kwenye folda moja ndani ya mradi, na mwenye ruhusa ya kuingiza mabadiliko ni mimi peke yangu. Kikiharibika chochote, napigiwa mimi. Mwenzangu mmoja anasema tuvitoe vyote, kila mtu abebe chake. Mwingine anasema tuviundie mradi-tawi humuhumu ndani. Tumsikilize nani?
– Mrina asali, Sikonge

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, nikusimulie aibu yangu.

Miaka michache nyuma, hapa Kigoma, nilishirikiana na wenzangu kuandika programu ya hesabu kwa akina mama wanaonunua dagaa Kibirizi. Sehemu ya kuchapa risiti niliiandika mimi, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kiini, yaani sehemu kuu ya programu. Nilikuwa na haraka, na nikiri, nilitaka kazi yangu ionekane. Siku moja tukagundua kuwa mtu akinunua sado mbili na nusu, ile nusu inapotea kwenye jumla. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu. Lakini laibrari yangu ya risiti, yaani ile sehemu ya kuchapa niliyoiandika, ilikuwa imegoma kwenye simu mpya, na tulishajiwekea sheria kwamba toleo halitoki mpaka majaribio yote yapite. Tukakaa wiki tatu tunahangaika na mashine ya kutoa vikaratasi huku watu wanapunjwa nusu sado. Akina mama walirudi kwenye madaftari yao, na mmoja wao mpaka leo nikimsalimia anaitikia kwa mkato.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na wenzako, fanya hivi usiku wa leo: fungua msimbo wa kiini, yaani maandishi yenyewe ya programu, tafuta neno "risiti". Tafuta na "mizani", na "ujumbe". Ukiyakuta, basi huna viongezo bado. Una programu moja kubwa yenye viraka, na hata ukivihamishia folda nyingine haitasaidia. Kiongezo ndicho kinachotakiwa kukijua kiini. Kiini hakitakiwi kujua kama kuna kiongezo duniani. Kazi yake ni kutangaza tu: mapokezi yamehifadhiwa, taarifa ni hizi, anayesikiliza asikilize. Mchapa risiti atachapa, mtuma ujumbe atatuma, na hata wote wakiwa wamelala, ndoo ya asali inaandikwa vilevile. Wewe wa mkoa wa Tabora hili unalijua: reli ya Mpanda inachepuka pale Kaliua. Behewa likiharibika kule Katavi, treni ya Kigoma haina cha kungoja.

Ukishamaliza hapo, mimi niko upande wa mradi-tawi.

Huyo anayesema kila mtu abebe chake namwelewa, amechoka. Ila njia hiyo watu wameshaipita. Django, ile programu huria ya kujengea tovuti, ilikuwa na kifurushi ndani yake cha mambo ya nchi mojamoja: namba za posta, namba za vitambulisho, orodha za majimbo. Nchi ikibadilisha utaratibu wake, marekebisho yanangoja toleo zima la Django. Katika toleo la 1.5, mwaka 2013, wakaamua kukitoa, kikakatwa vipande, kila nchi na chake. Unajua kilichofuata? Vipande vikakusanywa tena kuwa kifurushi kimoja, safari hii nje ya kiini, na ratiba yake yenyewe. Kipande cha mtu mmoja kikiachwa peke yake hakina wa kukisomea marekebisho, na siku mwenyewe akipata kazi Dodoma, kimekwisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Chini ya Apache Software Foundation, taasisi inayolea programu huria, palikuwa na mradi ulioitwa Jakarta, mwavuli wa programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java. Kila programu ilikuwa inajiandikia vitu vilevile vidogovidogo: kusoma faili la mipangilio, kukata maneno, kutunza miunganisho ya hifadhidata. Mwaka 2001 wakaunda tawi la kuviweka pamoja, Jakarta Commons. Walilipanga kwa vyumba. Kimoja ni cha laibrari rasmi, zinazotoa matoleo. Kingine ni cha majaribio, ambako mtu analeta wazo lake na kulichezea, lakini toleo rasmi halitoki humo. Na kingine ni cha zilizolala: hazijafutwa, anayetaka kuziamsha aje. Mwaka 2007 tawi hilo likawa mradi unaojitegemea, Apache Commons, na lipo hadi leo. Jakarta yenyewe ilifungwa mwaka 2011.

Chukua viongezo vyako 14 uvigawe kwenye vyumba hivyo. Nakushauri uwe mkali na kile cha kwanza: kisiingie kitu kisicho na watu wawili walioandikwa majina kwamba ndio wanaokijibia, na majaribio ya kukihakiki yanayoendeshwa bila kuwa na mizani mkononi. Nikikisia kutoka kwenye barua yako, vitakavyopita ni vinne au vitano. Usiogope. Vingine weka chumba cha majaribio, na vile ambavyo wenyewe hawajagusa kwa mwaka mzima viende kulala, na juu ya kila kimoja iandikwe wazi kwamba kimelala. Mtu akikipakua anajua anachukua nini.

Kila kiongezo kiwe na namba yake ya toleo, na kiseme kinafanya kazi na kiini cha kuanzia namba ipi hadi ipi. Kuna wanaofanya kinyume: PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, inatoa viongezo vyake viitwavyo contrib pamoja na hifadhidata yenyewe, siku moja, namba moja. Wanaweza, kwa sababu wana kundi la kompyuta za watu wa kujitolea zinazojaribu msimbo mchana na usiku kwenye mifumo ya kila aina. Nyie mna kompyuta ngapi huko Sikonge?

Halafu kijana wa mizani asijione ametupwa kwa sababu kazi yake iko kwenye tawi. OpenCV, laibrari ya kusaidia kompyuta kuona picha, ilipofika toleo la 3 iliweka mbinu iitwayo SIFT kwenye ghala la pembeni. Mbinu haikuwa mbaya, ila ilikuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiitumie bila ruhusa. Hataza ikaisha muda Machi 2020, na toleo la 4.4 la mwaka huohuo likairudisha ndani. Vitu vinahama. Kama vikundi vyote vinasoma mizani kwa njia moja, mwakani huenda ikawa kazi ya kiini.

Sasa ufunguo. Hapa ndipo ninapokugombeza. Mtu mmoja kushika ruhusa zote si uaminifu, ni kujitafutia maradhi. Ila usiutupe kwa wa kwanza atakayeuomba pia. Mwaka 2018 mtunzaji wa laibrari ya event-stream, ambaye alishaichoka, alimkabidhi mtu aliyejitokeza kusaidia. Yule mtu akaingiza ndani yake msimbo wa kuiba bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwenye programu ya kuitunzia iitwayo Copay. Laibrari yako inayolinganisha malipo ya simu ni ya namna hiyohiyo, iko karibu na pesa. Ruhusa ya kuandika kwenye chumba cha majaribio igawe kwa ukarimu. Ruhusa ya kutoa toleo mpe mtu ambaye umeshasoma kazi yake kwa miezi.

Apache wanataka kura tatu za ndiyo kabla toleo halijatoka, na kwa kawaida wanaacha saa 72 ili watu wakague. Nyie mko watatu, kura mbili zinatosha. Saa 72 msizipunguze: umeme ukikatika siku moja na mtandao ukasumbua siku ya pili, bado mwenzako ana siku ya kusoma.

---

Shangazi, nikikipeleka kiongezo changu kwenye mradi-tawi wa watu wengine, kinakuwa mali yao?
– Msomaji, Kasulu

Hapana. Haki miliki inabaki kwako mpaka utie saini karatasi ya kuihamisha. Apache wanakusainisha makubaliano ya kuwapa ruhusa tu, huku kazi ikibaki yako. Mradi wa Emacs, programu huria ya kuandikia maandishi, kwa mfano, wao huomba uihamishe kwa Free Software Foundation, kwa hiyo soma kabla hujasaini. Na kama uliandika saa za kazi, muulize kwanza mwajiri wako, huenda haikuwa yako tangu mwanzo. Kuliko hayo yote, angalia leseni zinakubaliana: msimbo wenye leseni ya Apache 2.0 unaweza kuingia kwenye mradi wenye leseni ya GPL 3, ila wa GPL 3 hauingii kwenye mradi unaotaka kubaki Apache 2.0. Hukunitajia kiongezo chako kina leseni ipi.