Mtambo mpya wa kuhifadhi data: uvunje kabla hujaulipia

Mkuu, nimekuelewa. Taasisi ya fedha hapa Dar, mfumo mkuu wa miamala uko kwenye hifadhidata ya Oracle, pembeni kuna seva pepe za VMware (seva za kiprogramu, nyingi ndani ya mashine moja), mtambo wenu wa diski za kuzunguka umeishiwa mkataba wa matengenezo, na wauzaji watatu wameleta mitambo ya flashi peke yake (hifadhi ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka), kila mmoja akiahidi operesheni, yaani kusoma au kuandika, laki kadhaa kwa sekunde. Unauliza uchukue upi, na bosi anauliza kwa nini msihamie klaudi moja kwa moja.

Sitakutajia chapa. Mimi niko upande wa mnunuzi, natunza mifumo ya kampuni ya usambazaji ambayo ankara zisipotoka, malori hayatoki. Tumeshahama kutoka diski kwenda flashi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba mitambo ya daraja hilo yote ina kasi ya kukutosha. Inatofautiana siku kitu kinapokufa ndani yake.

Kwanza ujue mzigo wako mwenyewe. Diski moja ya mizunguko 10,000 kwa dakika hutoa operesheni kama 140 kwa sekunde. Ukiwa nazo 60, jumla haifiki 9,000, na hapo RAID 6 (mpangilio wa diski unaolinda data hata diski mbili zikifa) haijachukua chake: kila uandishi mdogo huzaa operesheni sita ndani, tatu za kusoma na tatu za kuandika. Kwa hiyo mfumo wenu wa leo unaishi kwenye elfu chache tu. Hiyo laki tano ya kwenye brosha hutaigusa.

Kinachowaumiza watu wa kaunta ni muda ambao kila operesheni inasubiri. Diski za kuzunguka hujibu kwa milisekunde 5 hadi 10 zikiwa hazijalemewa, flashi hujibu chini ya 1. Toa ripoti ya AWR (ripoti ya Oracle inayoonyesha muda unaliwa na nini) ya saa nzito, si wastani wa siku nzima, maana usiku uliopoa huficha maumivu ya mchana. Chukua saa ya kufunga siku, siku mishahara inapoingia, na usiku wa kufunga mwaka kama bado mnayo ripoti yake. Angalia hifadhidata inasubiri muda gani kuandika kumbukumbu ya muamala kabla ya kuuthibitisha. Kama hapo ndipo muda unapopotelea, flashi itakufuta jasho usoni. Kama muda unaliwa na prosesa, utalipa mamilioni kuharakisha kitu ambacho indeksi moja (faharasa ya kutafutia ndani ya hifadhidata) ingekitibu. Kwetu ripoti ya mauzo kwa mikoa iliendelea kujikokota vilevile baada ya kuhama, mpaka mtengeneza programu alipoiandika upya.

Kwenye ujazo kuwa makini na maneno. TB 100 za muuzaji zinahesabiwa kwa elfu, seva ikihesabu kwa 1,024 itaona kama 91. Toa za RAID, toa za akiba, kisha ndiyo uulize ile ahadi ya kubana data mara nne imesimama juu ya nini. Seva pepe hubanika sana kwa sababu zinarudia mafaili yaleyale. Picha za vitambulisho vya wateja zilizoskaniwa hazibaniki, maana tayari ni faili zilizobanwa. Na kama hifadhidata inafichwa kwa ufunguo na Oracle yenyewe kabla ya kufika kwenye mtambo, mtambo unaona vurugu tupu na hautabana chochote cha maana. Mwambie muuzaji aandike kwenye mkataba kwamba ahadi isipotimia kwa data yenu anaongeza diski bure. Wengi wanakubali ukiwabana kabla ya saini. Baada ya saini hawapokei hata simu.

Sasa kuvunja. Omba mtambo wa majaribio, uweke kwenye chumba chenu, upakie nakala ya hifadhidata yenye mzigo wa kweli, kisha uanze fujo. Chomoa kontrola moja, yaani ubongo unaoendesha mtambo. Mitambo hii huwa na kontrola mbili, na wauzaji hupenda kuonyesha zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Ikiwa kila moja imebeba asilimia 60, siku moja ikifa iliyobaki inatakiwa kubeba 120. Haiwezi. Na usidhani hiyo siku ni ya nadra, kwa sababu kila unapoboresha programu ya mtambo, kontrola huzimwa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo utakutana nayo kila mwaka, tena kwa ratiba. Soma kasi ya mtambo ukiwa na kontrola moja; hiyo ndiyo kasi unayoinunua.

Chomoa pia waya wa faiba mmoja wakati miamala inapita, uone seva inahamia njia ya pili kwa sekunde ngapi. Chomoa diski mbili. Zima UPS (betri ya dharura) moja. Utashangaa mara ngapi fundi amechomeka pawasaplai zote mbili kwenye UPS ileile, na hakuna anayejua mpaka umeme ukatike. Kuna muuzaji mmoja aligoma majaribio ya kuchomoa, akasema yatafuta dhamana. Tulimshukuru, tukamsindikiza getini.

Usiridhike na RAID peke yake. Mwezi Novemba 2019 HPE, kampuni ya seva na mitambo ya kuhifadhi data, ilitangaza kwamba baadhi ya modeli zake za diski za flashi zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipowekewa programu mpya ya ndani ya diski. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15. Kosa lilikuwa la programu, chuma kilikuwa kizima. Hebu fikiria: diski zote zimewashwa siku moja kwa sababu zilinunuliwa pamoja, kwa hiyo zinafika saa hiyo karibu pamoja. RAID 6 inavumilia mbili, ya tatu inaondoka na kila kitu. Muulize muuzaji ni nani anafuatilia matangazo ya aina hiyo na ni nani anakuja kuweka programu. Kama jibu ni "mtapata barua pepe," basi kazi hiyo ni yako.

Vipuri: mkataba unaosema saa 4 hauna maana kama kontrola ya akiba iko Dubai na inasubiri ndege na forodha. Dai kuonyeshwa ghala, kwa macho. Bei ya matengenezo ya mwaka wa 4 na wa 5, na bei ya kuongeza diski, ziandikwe leo wakati bado wanakutaka.

Umesema mnataka kituo cha pili Dodoma. Vizuri, ila usikubali nakala ya papo kwa papo kwa umbali huo. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilometa 100 inakula milisekunde 1 kwenda na kurudi. Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilometa 450, tayari ni zaidi ya milisekunde 4 kabla ya vifaa vya njiani. Kila muamala utasubiri Dodoma iitikie, na flashi yako imegeuka diski ya zamani. Weka pacha wa papo kwa papo ndani ya jiji, Dodoma ipokee kwa kuchelewa kidogo, na menejimenti isaini kwamba inakubali kupoteza dakika hizo chache. Wasaini wao, si wewe.

Pia snapshoti, zile picha za data ilivyokuwa saa fulani, si bakapu. Zipo ndani ya mtambo uleule, na mhalifu akipata nywila ya msimamizi anaanza kuzifuta hizo kabla hajafunga mafaili yenu. Chukua mtambo wenye snapshoti zisizofutika hadi muda wake uishe, hata na msimamizi, na bado uwe na nakala nje yake. Kisha pima kurejesha. TB 30 kwenye laini ya gigabiti 10, ikijaa kabisa bila kusuasua, ni karibu saa 7. Ikisuasua ni siku nzima ya kazi, matawi yamefungwa.

Kuhusu klaudi, mwonyeshe bosi tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikadorora nchi nzima. Halafu mpe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje. Nakala za ziada na mifumo ya majaribio zipelekeni huko, sina ugomvi.

Kuhama kwenyewe ni rahisi kuliko unavyoogopa. Oracle ikiwa kwenye ASM (sehemu yake inayosimamia diski) unaongeza diski mpya kwenye kundi, unaondoa za zamani, inahamisha vipande yenyewe huku watu wanafanya kazi. Ipunguze nguvu mchana, iachie usiku. VMware nayo inahama ikiwa imewaka. Zitakazokusumbua ni zile seva za zamani zisizo pepe, hizo tafuta Jumapili. Mtambo wa zamani usiuzime mpaka umepita mwisho wa mwezi mmoja mzima.

Ukipata AWR ya siku ya mishahara iweke hapa, futa majina ya seva na anwani zake kwanza. Nitaisoma jioni.