Kabla ya Kulaumu Mvua, Nenda Ukapime Banio

Kila mwaka napokea vijana wawili watatu waliomaliza masomo ya maji, na siku ya kwanza nawauliza swali moja: mto unakauka kwa nini? Wanajibu haraka. Mabadiliko ya tabianchi. Ukataji miti. Mifugo. Ongezeko la watu. Hakuna jibu la uongo hapo, ila yote yanaweza kutolewa na mtu ambaye hajawahi kuingia mtoni hata kulowesha magoti, na yakishatolewa hayakuambii kesho asubuhi uende wapi na ukafanye nini. Mimi nilianza kazi na majibu hayo hayo. Ndiyo maana nawaandikia.

Niliyojifunza nimejifunza Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Mito inashuka kutoka Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 1,000: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ndembera kwa upande wake. Ikifika tambarare inakuta nchi kavu, yenye mvua kidogo na jua kali, na huko ndiko kuliko majaruba ya mpunga. Maji yanayosalia yanakusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, na mlango huo ni mwamba uliolala kukatiza mto kama kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha Mkuu unatiririka, unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unafika Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme, kisha unaingia Rufiji. Yakishuka chini ya kizingiti hata kwa upana wa kiganja, mto umekatika. Nyuma ya mwamba kunabaki ziwa, mbele yake mchanga.

Tangu mwishoni mwa 1993 hali hiyo imejirudia karibu kila kiangazi. Ndani ya hifadhi viboko wanabanana kwenye madimbwi yanayogeuka tope, na samaki wanakufa.

Nilipotumwa huko mara ya kwanza nilikaa siku nne. Niliona makundi makubwa ya ng'ombe yakinywa maji, nikaona vumbi, nikaona kingo zilizokanyagwa. Nikarudi ofisini nikaandika ripoti: chanzo kikuu cha kukauka ni mifugo. Hakuna aliyeniuliza nimepima nini, kwa sababu ripoti ilisema kile ambacho wengi walikuwa tayari wanakiamini. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ile, kwa kalamu tu. Ng'ombe 10,000 wakinywa lita 40 kila mmoja kwa siku, ni lita 400,000. Siku ina sekunde 86,400. Gawanya: hazifiki lita 5 kwa sekunde. Mfereji mmoja wa kijiji unachukua mara arobaini ya hizo.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa Lindi, safari ndefu ambayo ng'ombe wengi hawakuimaliza. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mto uliendelea kukatika. Ripoti yangu ilikuwa moja kati ya karatasi nyingi zilizosema mifugo, lakini ilisema, na jina langu liko chini yake. Sisemi mifugo haina madhara. Kwato zinabomoa kingo, na malisho yakizidi ardhi oevu inadhoofika. Hilo ni swali jingine lenye vipimo vyake. Ninachowaambia ni kwamba sentensi mnayoandika ofisini Jumatatu inaweza kumhamisha mtu na boma lake, kwa hiyo isiandikwe kwa kuangalia vumbi.

Basi mnapimaje? Vifaa vizuri vipo, lakini mara nyingi gari halina mafuta na kifaa kiko kwa fundi. Nunua chungwa. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, pima mita 10 kwa kamba, angusha chungwa juu kidogo ya mwanzo wa kamba, hesabu sekunde. Chungwa ni zuri kuliko kijiti kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara tano. Tuseme limetumia sekunde 20: hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Pima upana, tuseme mita 1.2, na kina mahali patatu, wastani mita 0.4. Zidisha vyote pamoja: umepata takriban lita 204 kwa sekunde. Hesabu hii haina usahihi wa kupeleka mahakamani, lakini inatosha kukuonyesha nani ni tembo na nani ni sisimizi.

Nilipoanza kutembea na chungwa langu, banio hadi banio (banio ni kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mferejini), kutoka barabara kuu ya Mbeya hadi ndani ya tambarare, ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulisoma chuoni. Mabanio yaliyokausha mto zaidi yalikuwa mazuri. Yalikuwa ya zege, yenye milango ya chuma, yaliyojengwa kwa fedha za miradi ili kuboresha umwagiliaji. Nilikaa na mzee mmoja kwenye kivuli cha mwembe karibu na banio lao. Nilimsalimu, tukazungumza habari za mpunga kwanza, na nilipomuuliza kuhusu maji alinyoosha fimbo kuelekea kwenye zege.

"Zamani tulifunga mto kwa magogo, matete na mchanga," alisema. "Lilikuwa linavuja, mwanangu. Kila masika linabebwa, tunajenga upya. Tulichoka. Lakini lilipovuja, wa chini walikunywa."

Rudieni kusoma maneno yake, kwa sababu ndani yake mna haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji, ya bonde zima. Banio la magogo halikuweza kuchukua mto wote hata wenyewe wangetaka. Banio la zege linaweza, na mwezi wa Oktoba mto ukiwa mwembamba linauchukua wote, mpaka tone la mwisho. Mtaalamu aliyelichora aliita jambo hilo kupunguza upotevu. Mvujo ule ulikuwa ndio mgao wa kijiji cha chini, na wa Ihefu, na wa viboko. Kila mtakaposikia neno "upotevu" katika kazi hii, ulizeni: unapotea kwa nani, na unaokotwa na nani?

Halafu fuata mfereji mpaka mwisho wake. Mimi niliufuata Septemba, wakati hakuna mpunga shambani. Mfereji ulikuwa umejaa. Ulipita katikati ya majaruba matupu, ukamwagika kwenye nyasi, ukaishia kwenye dimbwi ambalo jua lilikuwa linalikausha. Nilikasirika. Nikamuuliza mama aliyekuwa akichota kwa kata na kujaza ndoo kwa nini hawafungi mlango. Alinitazama kwa muda. "Mkitufungia mfereji, tunywe nini?" Kijiji kile hakikuwa na kisima. Ili watu wajaze ndoo zao, mto mzima ulikuwa unapitishwa mlangoni kwao miezi mitano, na sehemu kubwa inaishia hewani. Kisima kimoja chenye pampu inayofanya kazi kingerudisha mtoni maji mengi kuliko mikutano yote ya uhamasishaji niliyohudhuria. Upungufu wa namna hii wataalamu huuita upungufu wa kiuchumi: maji yapo, kinachokosekana ni bomba, kisima na fedha za kuvitunza. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iko katika hali hiyo.

Sasa karatasi. Kwa miaka mingi haki za maji zilitolewa kwa kiasi kimoja: skimu fulani ya umwagiliaji, lita kadhaa kwa sekunde. Kiasi hicho kilikuwa kinatoshea mto wa Machi. Mkulima aliyekilipia anakidai Oktoba pia, na ana karatasi mkononi. Jumlisha karatasi zote za mto mmoja, uzilinganishe na vipimo vya kiangazi, utaona tumeuza mto ambao haupo. Msidhani ni kosa la kwetu pekee. Mto Colorado wa Marekani uligawanywa kwa mkataba wa 1922, kwa vipimo vilivyochukuliwa katika miaka ya mvua nyingi kuliko kawaida. Majimbo yakagawana maji ambayo mto haubebi kwa wastani, na leo kwa miaka mingi haufiki baharini. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka vibali vya kutumia maji na kuzitambua jumuiya za watumia maji. Mkikaa kwenye meza ya vibali, andikeni kiangazi kivyake na masika kivyake. Mtalaumiwa na waombaji. Vumilieni.

Mnapokwenda mikutanoni mtasikia takwimu za dunia, nazo mzijue: asilimia 2.5 tu ya maji yote ni maji baridi, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo ni barafu. Katika maji yanayochotwa mitoni na ardhini duniani, karibu asilimia 70 yanakwenda kwenye kilimo. Namba hii ya pili ndiyo ya kubeba mfukoni. Tunawaambia watoto wafunge bomba wanapopiga mswaki, ni sawa, lakini Bahari ya Aral haikukaushwa na miswaki. Ilikuwa miongoni mwa maziwa manne makubwa kabisa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ikageuzwa kwenda kwenye mashamba ya pamba kwa mifereji ya udongo iliyonyonya maji njiani, na meli za wavuvi zikabaki zimelala jangwani. Mipango ile ilichorwa na wahandisi wenye elimu nzuri. Kila mfereji, ukiutazama peke yake, ulikuwa na sababu nzuri.

Jambo la watu linanigusa kuliko mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliokuwa Usangu, akiwemo Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, walitengeneza mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, una mto katikati na matundu ya mashamba pembeni. Maji ni gololi. Wakulima wanazunguka ubao, kila mmoja na shamba lake, wanaweka vijiti kuwa mabanio, gololi zinaachiwa juu. Wa juu wanashiba. Wa chini wanatazama matundu matupu. Kisha wanabadilishana nafasi, mtu wa juu anakwenda kukaa chini, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Kama mnaweza kutengeneza ubao kama huo kwa seremala wa kwenu, tengenezeni. Unafanya kazi kuliko slaidi zozote.

Na mkiitisha kikao cha wa juu na wa chini, msikifanye Ubaruku wala Rujewa mjini. Kifanyeni pale banioni, kwa miguu ikiwa ndani ya maji ikiwezekana. Wakaribisheni akina mama na vijana wanaokesha na maji, kwa sababu zamu za usiku ndizo zinazoleta ugomvi, na mwenyekiti wa skimu mara nyingi amelala wakati huo. Muwe makini pia na mpunga wa mapema. Anayewahi kupanda kabla ya mvua anauza wakati bei ni nzuri, kwa hiyo Novemba, mwezi ambao mto hauna kitu, ndio mwezi anaotaka kulowesha kitalu. Huyo si mkorofi. Ana ada ya shule ya kulipa. Ukimpelekea amri bila kuzungumzia bei ya mpunga, atafungua mlango saa nane za usiku, nawe hutajua.

Tena msiwe wepesi kubandika kila kitu kwenye jambo moja. Umeme ulipokatika, watu wengi waliwanyooshea kidole wakulima wa Usangu. Lakini Mtera inajazwa na mafuriko ya masika. Maji ya Oktoba yanayochukuliwa na mabanio ni machache mno kulijaza bwawa la ukubwa ule. Ukavu wa mto hifadhini una hesabu yake, na bwawa lina hesabu yake, ikiwemo namna maji yanavyoachiliwa kwenye mitambo.

Mtakapofika Ng'iriama, nendeni mwanzoni mwa Novemba, mapema asubuhi kabla upepo haujaanza. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao ulionyesha kwamba ili mita ya ujazo nusu tu kwa sekunde ipite kwenye hifadhi kiangazi chote, inabidi takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie Ihefu, kwa kuwa kinamasi kinanywa na jua linanywa. Simameni juu ya mwamba. Mtaona mistari ya rangi kwenye jiwe, alama za mahali maji yalipokuwa mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Pimeni kwa rula ni sentimita ngapi kutoka uso wa maji hadi mdomo wa kizingiti. Andikeni tarehe, saa na jina la aliyepima, kwa kalamu isiyofutika, kisha mgeuke mrudi juu kuhesabu mabanio.