Sakafu Iliyolia Kama Debe Tupu

Sebule yangu huko Kibada, Kigamboni, ina mita 4 kwa 5, na siku fundi alipomaliza kuweka vigae nilisimama mlangoni nikiitazama sakafu inavyong'aa, nikaamini kwamba sehemu ngumu ya ujenzi imekwisha. Wiki ya tatu tuliingiza friji. Usiku huo huo kona ya kigae kilichokuwa chini ya mguu wake mmoja ilipasuka kwa mlio mkali, na nilipobonyeza kipande kwa kidole kilizama kama mfuniko wa sufuria.

Jumapili iliyofuata alikuja mjomba wangu, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa fundi mwashi Tanga. Nilimwamkia, na kabla sijamletea maji ya kunywa alikuwa amekwisha kuvua kandambili na kupiga magoti, akigonga sakafu kwa sarafu ya shilingi 200. Kigae kilichoshika vizuri kilitoa sauti fupi na nzito. Kile chenye uwazi chini yake kilivuma. Kila kilichovuma alikitia alama ya chaki, akatambaa hivyo kutoka dirishani hadi mlangoni, na alipoinuka tulihesabu alama 17 kati ya vigae 63, pamoja na vile vilivyokatwa pembezoni.

"Mpwa wangu," akasema, "hapa hukupakiwa gundi, umewekewa mabonge."

Maelezo yake ndiyo msingi wa yote ninayoshauri hapa. Fundi mwenye haraka huweka mabonge matano ya gundi nyuma ya kigae, manne kwenye pembe na moja katikati, kisha hukigonga kwa nyundo ya mpira mpaka kilingane na jirani yake. Kwa macho kazi inapendeza, lakini katikati ya mabonge kunabaki uwazi, na uzito wowote unaotua juu ya uwazi huo hukipasua kigae. Kazi sahihi ni kusambaza gundi kwa mwiko wenye meno, mistari ikielekea upande mmoja, na kwa vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60 kupaka pia tabaka jembamba mgongoni mwa kigae chenyewe. Viwango vya Marekani vya kazi hii hutaka gundi ishike walau asilimia 80 ya mgongo wa kigae ndani ya nyumba mahali pakavu, na asilimia 95 bafuni au nje.

Hapa nalazimika kukiri jambo ambalo wenye nyumba wengi hatupendi kulikiri. Mfuko wa gundi wa kilo 20, ukipakwa inavyotakiwa, hutosha takriban mita za mraba nne za vigae vikubwa, kwa hiyo sebule yangu ilihitaji mifuko mitano. Mimi nilinunua mitatu, nikamwambia fundi aitumie kwa uangalifu. Zaidi ya hayo, malipo yake yalikuwa kwa mita ya mraba, maana yake ni kwamba kadiri alivyokimbia ndivyo alivyopata, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimpigia simu kila jioni kumuuliza anamaliza lini. Ukijumlisha hayo yote, mabonge matano hayashangazi hata kidogo.

Wapo pia wanaookoa fedha kwa kutumia saruji na mchanga pekee, au kumwaga niru, yaani uji wa saruji, chini ya kigae. Vigae vya kawaida vya udongo, vikiloweshwa kwanza, vinaweza kushika kwa njia hiyo. Kigae cha poselini hunyonya maji kidogo mno, chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake, na kwa sababu hiyo saruji tupu haipati pa kujishikiza. Baada ya miezi kadhaa utakiinua kizima na mgongo wake ukiwa safi kama kimetoka dukani.

Nilichofanya baada ya hesabu ya mjomba ni kupiga picha sakafu nzima ikiwa na alama zake za chaki, kisha nikamwomba fundi aje mchana, si jioni akiwa amechoka. Sikumgombeza. Nilimpa sarafu, nikamwomba agonge mwenyewe. Aligonga vigae vitatu au vinne, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, hii nitarudi kuirekebisha." Nadhani kwa sauti ya juu tungeishia kubishana kuhusu friji yangu kuwa nzito. Ilisaidia pia kwamba nilikuwa bado nimeshikilia robo ya fedha za ufundi, na kwamba tulikuwa na karatasi moja yenye sahihi zetu na ya jirani aliyeshuhudia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, ila ukifika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, au baadaye Mahakama ya Mwanzo, maneno matupu huwa na tabia ya kubadilika.

Tulikubaliana kwamba yeye atatoa nguvu zake bure na mimi nitanunua gundi, kwa kuwa upungufu wa gundi ulikuwa wangu. Hatukutoa vigae vyote 17. Kigae kinachovuma kona moja tu, kando ya ukuta, mahali pasipokanyagwa, kinaweza kukaa miaka mingi bila tatizo, na kukibomoa ni kuhatarisha majirani zake wazima. Tulichagua tisa vya mlangoni, njiani na chini ya friji. Fundi alikwangua kwanza grauti, ule ujazo wa nafasi kati ya vigae, pande zote nne, akavunja kila kigae kuanzia katikati kuelekea nje, akaondoa gundi kavu kwa tindo mpaka zege likaonekana, ndipo akaanza upya.

Tatizo lililobaki lilikuwa rangi. Maboksi mapya yalikuwa na jina lile lile na ukubwa ule ule, lakini namba ya toleo iliyochapwa ubavuni ilikuwa tofauti, na mwanga wa asubuhi uliionyesha tofauti hiyo bila huruma. Nilikuwa nimebakiza vigae vitano vya zamani. Hivyo tuliviweka mlangoni na njiani, na vinne vipya vikaenda chini ya friji na pembeni yake. Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo lako tangu mwanzo. Kwa mita za mraba 20, ambapo boksi la vigae vinne vya 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, hiyo ni maboksi 16 na si 14, na yale yanayobaki usiyauze.

Bafuni ndiko ningekuwa mkali zaidi kama ningeanza upya. Mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea tundu la maji, hutengenezwa kwenye sakafu ya chini kabla kigae hakijaja, na ukishakosewa hakuna grauti itakayouokoa. Mwaga ndoo ya maji kwenye zege tupu, fundi akiwepo, muone yanakoelekea. Kwangu yanaelekea mlangoni, na mpaka leo tunayasukuma kwa ufagio.

Usimwombe fundi abananishe vigae ili mistari isionekane. Nafasi ya milimita mbili au tatu, inayolindwa na vile visalaba vya plastiki, ndiyo inayoruhusu sakafu kutanuka wakati wa joto la Januari. Ikikosekana, vigae husukumana mpaka vinainuka katikati ya chumba.

Robo ya fedha nilimlipa wiki moja baada ya marekebisho, mjomba akiwa amepita tena na sarafu yake. Vile vinane tulivyoviacha bado vipo. Kimoja, chini ya dirisha, huvuma kila mtoto anapoangusha mpira, na mimi hugeuza kichwa.